Ndoo ya Msibani

Tukuyu mvua haibishi hodi.
Chini ya migomba Subilaga kasimama
na ndoo ya koki, na kipande cha sabuni
ndani ya soksi ya shule, kinaning'inia.

Wanakuja na khanga, na vilio,
na mikono iliyozoea kushika.
“Pole nimeipokea. Mikono, ndoo ile.”

Mjomba Ambakisye kanuna:
“Tangu lini matanga bila ubwabwa?”

“Tangu Jumanne.
Tangu mama alipochota kijitoni
akasema, mbona meupe haya,
kuni za kuchemshia za nini.”

Hakuna aliyeongeza neno.
Koki ikadondosha tone, tone.

Mjomba akapandisha mikono ya koti,
akanawa hadi viwikoni,
taratibu,
kama anamwosha yule dada
waliyemkataza kumgusa.