Mizani

Masika, Isongole. Umeme umekatika tangu saa tatu
na mvua inapiga bati kama mtu anayedai deni.
Tusekile ameteremka kutoka migombani
na mtoto mgongoni, kimya.
Kimya kile sikipendi.

"Ana kilo nane," anasema, ananyoosha kadi.
Nane ilikuwa mwezi wa pili.
Siku tatu za kuhara hazisomi kadi.
Nagusa utosi, umebonyea.

Mizani yetu imekatika ndoano,
mlinzi amekimbia kwa karani wa chai
akarudi na ile ya kupimia majani mabichi.
Tunamning'iniza Ambwene ndani ya khanga:
sita na robo.
Toa khanga. Sita.

Dawa haiulizi ukoo. Inauliza uzito.

Mwalimu Kibona, chuoni, alitutungia:
Mililita zizidishe, kwa matone ya mrija,
Kwa dakika zigawanye, jibu lako litakuja.
Mizani ilitimia, nane kwa nane.
Kina cha kati kilimshinda.
Hesabu, hapana.

Naandika nyuma ya boksi la glovu, tochi ya simu mdomoni:
thelathini mara sita, mia na themanini, saa moja.
Zidisha kwa ishirini, gawa kwa sitini.
Sitini.
Tone moja kila sekunde.

Narudia. Narudia tena,
maana mwaka wa pili niliwahi kusogeza nukta,
kwenye karatasi tu, ya mtihani,
na mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu:
Huyu umemzika.

Mshipa wa mkono umejificha. Wa mguu umekubali.
Nakaza, nalegeza, saa ya kifuani mkononi,
lakini bati linahesabu haraka kuliko mimi,
tone lake, tone langu, tone lake,
mpaka nayaacha masikio, nabaki na macho.
Tusekile naye anahesabu, kwa Kinyakyusa, midomo tu.
Hakuna aliyemwambia.

Saa tano usiku: sasa sabini mara sita,
mia nne na ishirini, kwa saa tano.
Ishirini na nane kwa dakika.
Nabana gurudumu la mrija, mvua haibani.
Chai ya rangi imepoa. Mlinzi anakoroma.

Kwenye saa kumi mtoto anakunja uso,
anavuta pumzi ndefu, anatuchukia sote,
analia.
Na jicho la kushoto linalowa:
tone moja, la pili,

hapo nikaacha kuhesabu.