Nok Ofu

Kosa la kwanza lilikuwa na vumbi.
Bi Hedda, mwenye nyumba ile ya nyuma, Mkomani,
alisimama mlangoni saa kumi alasiri,
akasema, "Shekuwe, nok ofu."
Nok nilikuwa naijua: ni kugonga.
Ofu imeandikwa kwenye swichi ya pampu: zima, isiwepo.
Basi nikagonga mpaka isiwepo.
Vidaka vitatu vya ukuta wa ndani,
nakshi za kabla babu yangu hajaota meno,
vikalala sakafuni kama unga.
Naye alikuwa akiniambia tu: basi kwa leo, nenda nyumbani.

Hakupiga kelele. Aliokota kipande chenye umbo la jani,
akakifunga kwenye leso, akaomba chai.

Usiku huo nikanunua daftari dukani kwa Famau,
nikamwita Mwanakhamisi, mjukuu wangu wa darasa la saba.
"Nifunze hivi vijineno vya nyuma,
hivi vinavyobomoa nyumba za watu."

Giv ni kupa. Giv apu ni kukata tamaa.
"Nani kampa nani? Na apu si juu?"
"Babu, usiulize. Shika."
Luk ni kutazama. Luk fo, kutafuta. Luk afta, kulea.
Luk daun oni mtu ni kumdharau.
Hilo nililielewa kabla hajamaliza;
miaka thelathini nimepakwa chokaa, nimetazamwa.

Put apu ni kusimamisha ukuta.
Put apu widhi ni kuuvumilia.
Kijineno kimoja tu kimeongezwa,
na ukuta ulioujenga umekuwa mzigo wako.

Nikamwambia: kwetu kitenzi ni mwungwana,
hageuki mpaka ageuke mwenyewe, tumboni.
Funga. Fungua. Fungia. Fungana. Fungamana.
Mlango uleule, bawaba ndani yake.
"Na wao bawaba wameiweka nje, babu. Basi."

Asubuhi, juu ya jukwaa, nikaona kuwa ndiyo kazi yangu hiyo.
Jiwe la matumbawe halitulii juu ya mwenzake.
Litayumba mpaka uchomeke kijiwe,
kidogo kama kokwa ya tende,
na hapo ukuta unajua unakokwenda.
Kichomeke upande wa pili, unakuangukia.

Bi Hedda nikamjaribia: "Ai wil nat giv apu."
Akapiga makofi, vumbi likaruka.
Vidaka viwili nikavirudisha.
Cha tatu akasema kingoje, kwao kuna baridi na madaktari,
atarudi baada ya Idi.
Kam baki, nimeandika, ukurasa wa kumi na tisa: kurudi.

Kisha ukaja ujumbe wa mwanawe.
Nikausoma mwenyewe, kwa fahari, nimekaa darakani,
kidole kikifuata: Madha. Pasi. Awei.
Pasi ni kupita. Kwa mtihani, ni kufaulu.
Awei ni mbali.
Nikasema, mwaka huu anapitia mbali, labda Unguja kwanza.
Nikafagia vyumba. Nikajaza birika maji.

Siku nne.
Mwanakhamisi akatoka madrasa, akaichukua simu,
akasoma, akaketi.
Hakunitafsiria. Alifungua daftari
akaandika kwa mwandiko wake wa mviringo
neno lao, na mbele yake: kufariki.

Nikalitazama sana.
Fariki nayo ni kuachana tu, kutengana njiani.
Kumbe na sisi
hatukuthubutu kulitaja lenyewe.

Leo nimekoroga chokaa peke yangu.
Kidaka cha tatu kinafika nusu; jani moja halipo,
lilisafiri na leso, na pengo lake sitaliziba.
Saa kumi imepita na hakuna wa kuniambia nok ofu.
Ule ujumbe ulikuwa na mstari wa pili:
Shekuwe, plizi keri oni.
Keri ni kubeba.
Keri oni sikumwuliza mtoto.