Faini ya Hamsini

Kila Jumapili ya kwanza, nyuma ya karakana pale Kibuye,
Nyakwaka alifungua daftari lake la jalada jekundu
akanitoza: dakika nne, shilingi hamsini.
Kimoyomoyo nilimwita kupe.

Kisha mama akalala mochari siku tisa,
bili ikinenepa.
Usiku geti likagongwa:
wachomeleaji kumi na saba,
macho mekundu kwa cheche za mchana,
Nyakwaka mbele, daftari kwapani.
Hakunipa pole. Alisoma majina, akahesabu noti,
akalowesha kidole, akahesabu tena,
ndipo akauliza sururu ziko wapi.

Leo nimechelewa.
Nimelipa hamsini kabla hajafumbua kinywa,
na nyingine ya Wesonga,
ambaye bado yuko njiani.