Penseli Chini ya Boneti

Bi Aune aliniuzia pikapu ya marehemu mumewe
kwa bei ya matairi manne.
Akasema: inakohoa, lakini haijawahi kulala njiani.

Thunder Bay humwaga chumvi barabarani miezi mitano,
na chumvi haichagui chuma.
Fenda imeliwa kama mkate uliolala na panya;
kwenye sakafu ya dereva naiona theluji ikipita.

Jumamosi nzima nilikuwa chali juu ya kadibodi,
tochi mdomoni, spana namba kumi na tano,
nikiibembeleza bolti moja ya ekzosi.
Niliipaka mafuta. Niliichoma. Niliitukana kwa Kitaita.
Ikakatika.

Wiki iliyofuata: plagi nane, pedi za breki,
kiraka cha sakafu nilichokata
kwenye ubavu wa mashine ya kufulia
(usiniulize, kinakaa),
na taa mpya za mbele, nyeupe mno,
mzee kavaa miwani ya mjukuu.

Ndipo nikafungua kasha la chujio la hewa.
Ndani ya kifuniko, kwa penseli:
Oili, Mei 99. Oili, Oktoba 99.
Mkanda, 2004. Safu ndefu, mwandiko uleule,
hadi mstari wa mwisho, herufi zikitetemeka:
Oili, Machi. Mwaka hakuuandika.

Nilitafuta penseli nyumba nzima.
Wino ungekuwa utovu wa adabu.

Usiku nikatia ufunguo. Ikakohoa, ikakubali.
Ng'ambo ya uzio pazia likasogea,
na taa ya jikoni kwa Bi Aune,
ambayo huzimwa saa tatu,
iliwaka hadi nilipozima injini.