Tone Shingoni

Saa nne. Chai imepoa kabla haijamiminwa,
Newala mwezi wa saba ndivyo ilivyo: ukungu
huingia ofisini bila hodi
ukakalia kiti cha mkuu wa idara.
Sisi watatu wa saikolojia tumezunguka sahani
ya ming'oko, chumvi na pilipili
tumezimwaga juu ya mtihani wa jana.

Hokororo anasoma kwa sauti jibu la mwanachuo:
"Binadamu hutumia asilimia kumi tu ya ubongo wake."
Analishusha karatasi. "Ningekuwa na tisini
zimelala ghalani, si ningeshazipeleka mnadani?
Zisingeuzwa chini ya korosho za mwaka jana."
Somoe anacheka hadi anapaliwa.

Naye ana wake: kijana wa mkondo B
aliyekataa kunakili ubaoni, eti yeye
kaumbwa kujifunza kwa masikio.
"Nikamwambia vyema, mtihani nitakuimbia."

Na mwezi mpevu? Matroni anaapa
usiku huo mabweni huchafuka.
"Huchafuka," anasema Hokororo, "na usiku wa giza pia,
ila gizani haoni anayeruka ua."

Nami nikatoa ya sokoni. Muuza nyanya kanishika mkono:
"Si wewe mwalimu wa saikolojia? Haya, nisome, nawaza nini?"
"Unawaza kunipunja."
Akanyamaza. Akaongeza nyanya mbili.
Wiki nzima sasa nina sifa ya uganga.

Tukacheka. Kile kicheko cha walimu, mnakijua,
cha wenye ufunguo wa kabati la majibu.

Kisha Somoe, akifuta pilipili kidoleni,
akajaribia kwetu somo lake la kipindi cha tano:
"Kumbukumbu si picha iliyofungiwa sandukuni.
Ni ukuta wa udongo. Kila masika unaukandika upya,
na udongo ni wa mwaka huu."
Nikaitikia kwa kichwa.
Mfano ule nilimpa mimi.

Jioni Mfaume, mdogo wangu, kanipigia toka Lindi,
habari ya bati za nyumba ya mama.
Katikati ya bei ya misumari nikamkumbusha
alfajiri ile ya maji, tunapanda kutoka bondeni,
baba kanifunga mgongoni kwa kanga ya mama
bila kuona haya, debe kichwani,
majani yakielea juu maji yasimwagike,
na tone moja likapenya majani
likanidondokea shingoni, baridi,
nikashtuka, naye akacheka; mgongo wake
ukacheka nami nikiwa juu yake.

Simu ikawa kimya.
"Dada, yule nilikuwa mimi.
Wewe ulibaki kwa bibi na tetekuwanga,
unalia mlangoni. Tone nilikusimulia mimi,
tumelala mkeka mmoja, mara ngapi!"

Sikubisha. Nilipiga hesabu, mazoea ya kazi:
Mfaume alikuwa na mwaka na nusu.
Hakuna kichwa cha umri ule kinachotunza debe.
Basi naye kaazima, hajui kwa nani.
Mwenye mgongo tulimzika mwaka wa njaa.
Nikampigia mama. Akasema,
"Maji ya bonde lile yalikuwa na chumvichumvi,"
akaniuliza kama bati zitakuwa za rangi.

Kesho mkondo B ni wangu.
Yule wa masikio atanyoosha mkono, atataka mfano
wa mtu mzima, mwenye akili timamu,
anayekumbuka asilolipitia.
Ninao. Sijui kama nitautoa.

Usiku nilipozima taa niliinama kidogo,
kama mtu anayepisha debe mlangoni,
na likaanguka
palepale, chini ya kisogo.
Nikapeleka mkono kulifuta.
Nikauacha mkono hapo.