Asante ya Heber

Heber, kinyozi wa mtaa wa La Teja, Montevideo,
alikuwa na ndiyo nyingi kuliko taulo.
Asubuhi anaketi Don Aparicio, viatu vinanuka dizeli ya bandarini:
serikali hii imeoza.
Imeoza, anajibu Heber, tena imetoa funza.
Saa sita anaketi mpwa wa diwani, shuka ileile shingoni:
serikali inajitahidi, au vipi?
Inajitahidi, nani asiyeona?
Wikiendi alishabikia timu mbili
na zote mbili zilimfunga.

Tusimwite mwongo.
Mwongo anajua ukweli ulipo, anaupitia kando.
Heber alikuwa amesahau wake aliuweka wapi,
kama funguo za nyumba uliyoihama.

Halafu kuna ile chai yao:
majani machungu ndani ya kibuyu,
mrija mmoja wa chuma, vinywa saba.
Wenyewe huiita mate. Msicheke,
maana kwa Heber jina lilikuwa la kweli kwetu kuliko kwao:
aliimeza kila siku kama mtu amezavyo mate
neno likiwa limeshamfika kooni.
Usiku kiungulia kilimwamsha.
Akisimama mbele ya friji, miguu mitupu, taa hakuwasha,
akinywa maziwa kimyakimya
ili Nélida asiulize.

Na desturi ya kibuyu ni hii:
kinazunguka, hakuna anayeshukuru.
Atakayesema asante
amesema nimetosheka, niruke, mimi simo.
Miaka thelathini na minane kibuyu kilizunguka
na Heber alikuwamo.

Jumanne ya Julai, baridi ya kule, mvua inapiga kioo kwa ubavu.
Mtoto kitini, mama yake mlangoni anakung'uta mwavuli.
Unataka mtindo gani, bwana mdogo?
Wowote, akasema mtoto. Utakaokupendeza wewe.
Akatabasamu.

Mkasi ukabaki wazi hewani.
Kiooni zilikuwamo nyuso mbili, ya miaka tisa na ya miaka sitini na moja,
na tabasamu lilikuwa moja.

Ndipo kibuyu kikamfikia.
Don Aparicio ameunyoosha mkono, hata hatazami,
nani hutazama mkono wake unapokwenda kila siku?

Asante, Heber akasema.

Redio ikaendelea peke yake.
Unaumwa?
Siumwi. Siipendi.
Tangu lini?
Tangu nilipoionja.

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke.
Hii ilikuwa asante na teke kwa pamoja,
na aliyepiga ndiye aliyeyumba:
tumbo likawa barafu, masikio moto,
ulimi ukajiandaa kusema natania, lete, nipe viwili!
Lakini mate yakishatemwa hayarambwi.
Akaushikilia mgongo wa kiti mpaka vidole vikawa vyeupe.
Kibuyu kikamruka
kwa mara ya kwanza, kikaenda kwa mwingine.
Paa halikuanguka.

Akamgeukia mtoto. Nimekuuliza mtindo gani.
Sina haraka.
Mtoto akamtazama mama yake. Akatazama viatu.
Mvua ilikuwa na muda wa kutosha.
Ziache zifunike masikio, akanong'ona.
Hapana, mama akadakia, shule wata...
Mama, Heber akasema, na sauti ilimtetemeka, sitaficha,
nimemuuliza yeye.

Don Aparicio hakurudi tena.
Hupita ng'ambo ya barabara, kola juu,
kichwa chake kimekatwa vibaya na mtu wa karibu na reli.
Siku nyingine mkono wa Heber huinuka wenyewe kumwita,
na siku nyingine anauacha uinuke, akapunga, basi.
Nélida alimuuliza kwa nini maziwa hayaishi siku hizi.
Akamweleza, tangu mwanzo, taa ikiwa imewashwa,
ikawachukua mpaka saa nane za usiku,
na sehemu nyingine hakuzipenda.