Chujio

Imegoma tena. Maji yamesimama nusu ya kioo,
ovaroli ya Mhina inaelea kifudifudi
kama mtu anayetafuta alichoangusha.
Taa nyekundu inakonyeza: kuingia yameingia,
kutoka hayajui.

Fundi Shehoza alipita Jumamosi.
Hakuinama. Alisimama mlangoni
funguo za pikipiki zikimning'inia kidoleni:
"Bodi hiyo, mama. Laki mbili na nusu,
nusu yake unitangulizie."
Hajamgusa mgonjwa, keshataja sanda.
Nikampa chai ya tangawizi, akanywa, akaenda zake.

Leo Barabara ya Kumi na Sita haina umeme tangu saa tatu.
Waya nimeuchomoa vivyo hivyo; umeme wetu haubishi hodi.
Nimefunga bomba. Nimetandika kanga kuukuu,
ile iliyofutika maandishi ikabaki "Usi",
sijui tena ilikuwa ikinikataza nini.

Pale chini, kona ya kulia, kuna kijimlango.
Nimekibandua kwa mpini wa kijiko.
Beseni haliingii, limenenepa;
limeingia sinia la biriani.
Zungusha kidogo kidogo, ukiwa na pupa
maji yote yatahamia sebuleni.
Yametoka meusi, yananuka soksi.
Nimemwagia mpapai, nimerudi, nimemwaga tena,
mara tisa.
Kisha chujio lenyewe, limekatalia humo,
nikalivuta kama mkunga.

Shilingi hamsini. Pini ya mtandio.
Kibanio cha Zuena, alichomsingizia binamu yake mwaka mzima.
Na jiwe.

Jiwe la kweli, la kijivu, kubwa kama kungu.
Nimelikwaruza kwa ukucha, ukucha ndio uliovunjika.
Nikakaa sakafuni, penye maji.
Hakuna aliyelitumbukiza. Limejijenga,
ovaroli kwa ovaroli, miaka minne ya zamu za kiwandani,
vumbi la mifukoni, vumbi la pindo,
maji kidogo, na usiku wa kutulia.
Saruji haitaki zaidi ya hapo.

Mashine ilianza kukohoa tangu Ramadhani.
Inakohoa, inanyamaza, inajikaza.
Nikasema uzee.
Chumbani pia yuko anayekohoa.
Naye husema, vumbi tu hilo,
nikinywa maziwa linashuka.

Chujio nimelisugua kwa mswaki wa zamani.
Mpira wa mlango nimeufuta kwa siki,
mikunjoni mwake mlikuwa na ukungu na uji wa sabuni.
Nyuma, penye bomba la kuingizia,
kuna kichujio kingine, kidogo kama subana;
nacho nimekivua, nimekipuliza.
Mguu wa kushoto, ule mfupi unaoitembeza usiku,
nimeuwekea kipande cha kandambili.

Umeme umerudi saa kumi na moja.
Imemeza. Imezunguka. Imetema.
Nimeweka kiganja juu yake muda mrefu
kuliko ilivyohitajika.

Mhina alipoingia sikusema neno.
Nikamtengea wali, samaki,
na pembeni ya sahani, jiwe.
Akaligeuza. Saruji anaijua kuliko mimi.
"Limetoka wapi?"
Nikamwambia.
Akaliweka taratibu, akataka kusema,
akakohoa.

Nimebandika karatasi mlangoni mwa kabati:
Ovaroli zikung'utwe uani, zisilale mashinini.
Mifuko, mwenye suruali akague mwenyewe.
Chujio kila Ijumaa.
Siki kila mwisho wa mwezi.
Na chini, kwa kalamu nyingine:
Mhina, Bombo, Jumatatu, picha ya kifua.

Ameisoma leo alfajiri, mswaki mdomoni.
Hakusema lolote, wala hakuichana.
Punde nikasikia uani, pa, pa, pa,
ovaroli inapigwa ukutani.
Nikachungulia. Ameufunga uso wake
pua na mdomo, kwa kanga yangu kuukuu,
na lile neno lililobaki
limekaa shavuni.